Bibi Mfukoni

Mwezi uliopita, kwenye shughuli ya Zaituni pale Kwamndolwa, nilipewa kazi ya kumenya vitunguu, kazi ambayo wanawake wa Korogwe humpa mgeni wanayempenda lakini hawamwamini na moto. Nilikuwa nimetoka chuo moja kwa moja, begi bado mgongoni, na nilipozunguka uani kwenye masufuria nilimwona mama wa bibi harusi kabla hajaniona. Alikuwa anageuza pilau kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na ameushika kwa mkono wa kushoto. Mama Zaituni si mtu wa mashoto. Mwaka niliolala chumbani kwake nilimwona akikata, akifua, akipepeta mchele na kunizaba vibao vya mapenzi, vyote kwa kulia. Jirani akamletea dumu la mafuta, naye badala ya kulitazama akasema, "Nisomee hapo, shoga, yameandikwa mafuta gani?" Hilo la pili ndilo lililonisimamisha. Mama Zaituni ninayemjua mimi alikuwa anasoma mpaka karatasi ya sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, nani..." Akageuka. "Yuleee! Kichaa wangu kaja!" Akanikumbatia na mwiko wake, nikapata pilau kidogo mgongoni, kisha akawageukia wenzake. "Jamani, mnamwona huyu? Ndiye Mwanaidi niliyewaambia. Siku ile kiwandani watu wote wamenigeuka, huyu mtoto wa watu kutoka Handeni akasimama mbele ya meneja akasema kosa ni lake. Akadanganya mchana kweupe kwa ajili yangu!"

Vigelegele vikapigwa. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua mchele akaniombea dua Mungu anipe mume kiziwi, maana amesikia nina mdomo. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ndivyo ninavyofanya watu wakicheka. Lakini nilipokaa na vitunguu vyangu nilimshukuru Mungu kwa vitunguu. Sikudanganya siku ile. Hilo ndilo tatizo langu lote.

Habari za kwetu naziruka. Kwetu ni Handeni, tupo wengi, tunakula, inatosha. Mwaka ninaousema ni ule chuo kiliponipeleka fildi ya umeme kwenye kiwanda cha mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe, na kwa kuwa sikuwa na ndugu wa karibu, Fundi Mhina, aliyekuwa msimamizi wangu, akanipeleka kwa Mama Zaituni, mwendesha mashine ya brashi. Zaituni mwenyewe alikuwa amekwenda kwa shangazi yake Magoma kusaidia kuvuna mpunga, kwa hiyo kitanda chake kilikuwa wazi. Chumba kilikuwa kwenye kota za zamani, zile zilizojengewa babu zao waliokuja kukata mkonge kutoka mbali, kila mmoja na lugha yake na Mungu wake. Ukuta wa kota haufiki juu. Unaishia njiani, kama fundi aliitwa kula akasahau kurudi, na juu yake ni giza moja linalopita vyumba vyote, kwa hiyo ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakwambia pole. Nilijifunza mambo mengi ya ndoa kupitia ule ukuta. Jirani wetu, mzee mmoja mlokole, alikuwa akigombana na mkewe kuhusu chumvi, na wakipatana wanaimba pambio, na Mama Zaituni, Mwislamu safi, alikuwa analijua lile pambio mpaka mwisho na anaitikia huku anakanda chapati.

Na alikuwa anasoma. Alijifunza ukubwani, darasa la jioni, akiwa tayari na Zaituni mgongoni, na tangu hapo hakuna maandishi yaliyompita salama. Tukinywa chai anasoma pakiti ya majani. Tukipita dukani anasoma bango, kwa sauti, kidole hewani, kama anayemtambua ndugu aliyepotea: "Ha-tu-ko-pe-shi. Umeona? Hatukopeshi!" Mimi nilikuwa namtania, "Mama, ukimaliza Korogwe utahamia kusoma Tanga?" Naye ananijibu, "Wewe uliyesomeshwa tangu mdogo huwezi kujua. Mimi nilikuwa nakaa kwenye nyumba iliyofungwa madirisha."

Sasa kiwandani. Nitaeleza kwa lugha ya shule kwa sababu ndivyo nilivyoelewa mimi. Mashine zote za pale, kuanzia korona inayokamua majani ya mkonge hadi ile inayoshindilia marobota, zilikuwa zimefungwa kwenye waya mmoja wa zambarau unaotambaa ukutani. Mwisho wa waya, kwenye kabati la umeme jengo la pili, kulikuwa na kompyuta yenye kazi moja: kuita majina. Inaita kila kifaa kilichoko kwenye waya, kifaa kinaitika nipo, inaita kinachofuata, inarudia, haichoki, haiendi chooni. Mimi nikaibatiza Mwalimu wa Zamu. Kifaa kimoja kisipoitika, Mwalimu wa Zamu anapiga king'ora na kusimamisha kiwanda kizima, kama vile mtoto mmoja akitoroka basi shule nzima inapiga magoti. Kuna kifaa kimoja, hata hivyo, ambacho lazima kitolewe kila siku. Ni kipima joto, kidogo kama yai la bata, kinachobanwa kwenye beringi la mashine ya brashi, pale singa kavu, zile nyuzi za mkonge, zinapochanwa, ili likichemka mashine isimamishwe. Vumbi la mkonge linakijaa, kikijaa hakisomi vizuri, kwa hiyo kila mchana unakichomoa, unakifuta, unakirudisha. Ili Mwalimu asipige kelele, unakwenda kwenye kabati, unakipa likizo, yaani kwa muda huo hakiitwi. Likizo ni fupi. Ikiisha na mwenyewe hajarudi, king'ora. Fundi Mhina alikuwa na kanuni yake juu ya hilo: ukikirudisha unabaki umenyanyua mkono juu kama mwanafunzi anayejibu swali, mpaka mwenzako aliye kwenye skrini akwambie taa imekuwa kijani. Ndipo unashusha. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wananyanyua mikono. Nilicheka wiki nzima.

Kulikuwa na skrini ndogo kwa kila mwendeshaji, na maandishi yake yalikuwa namba tupu, kifaa namba saba, kifaa namba tisa, hakuna aliyeyatazama. Fundi Mhina akanipa kazi ya kuyageuza yawe maneno yanayoeleweka. Alikosea mtu wa kumpa. Mashine ya marobota nikaiita Mheshimiwa, kwa sababu imekaa tu, wengine wanafanya kazi, yeye analetewa. Mkanda wa kubebea singa nikauita Umbea, kwa kuwa unachukua huku unapeleka kule. Na kipima joto nikakiita Bibi, kwa sababu ya kulalamika joto, baridi, joto, baridi. Basi Mheshimiwa akizidiwa, skrini inaandika kwa rangi ya njano, MHESHIMIWA KASHIBA, na kiwanda kinacheka. Sikuishia hapo. Nikagundua naweza kuandika chochote kwenye mstari ule wa njano, nikawa naweka utani mpya kila asubuhi, na Mama Zaituni ndiye anayewasomea wenzake, kidole hewani, akicheka kabla hajamaliza neno. Meneja mwenyewe alipita akasoma, akatabasamu, akaenda zake. Nilijiona nimewapa watu shule.

Tabia nyingine niliyokuwa nayo, niiseme hapa kwa sababu itanirudia. Kila asubuhi kwenye kikao cha zamu meneja aliuliza maswali ya meneja. Nani ameacha bomba wazi? Nani amekalia glovu mpya? Mimi, wa mwisho kabisa nyuma, nilikuwa nanyosha mkono: "Ni mimi, mheshimiwa. Nilizidiwa." Watu wanakufa kwa kicheko. Walifika mahali wakawa wananigeukia kabla sijanyosha.

Ijumaa hiyo Fundi Mhina alikwenda msikitini, akaniachia kipima joto. "Mwanaidi, likizo, futa, rudisha, mkono juu." "Mkono juu, Fundi, mpaka malaika waulize shida yangu." Akatikisa kichwa. Lakini siku hiyo Mama Zaituni alikuwa amekuja na bada. Usiku wa nyuma nilikuwa nimesema, kwa kujiliza tu, kwamba tangu nitoke Handeni sijala bada, ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga kama ya nyumbani, na yeye akaamka kabla ya adhana akaisonga, akaifunga kwenye kitambaa, akaibeba kichwani mpaka kazini. Na kabati liko jengo la pili, na likizo ni fupi, na bada ikipoa inakuwa jiwe. Nilikuwa nimeona, nilipokuwa nabadilisha majina, kwamba kila kifaa kina alama mbili za kuchagua: lazima, au si lazima. Kikiwa si lazima, Mwalimu wa Zamu hapigi king'ora kabisa, hata kisiporudi mpaka kiama. Anaandika tu mstari wa njano kwamba hayupo, anaendelea na wengine. Nikaona, mbona hii ndiyo njia ya watu wenye akili? Nikambadilisha Bibi kuwa si lazima. Nikamchomoa. Nikatoka naye nje kumfuta, nikasikia harufu ya mchunga, nikamtia mfukoni mwa ovaroli, nikanawa mikono.

Naikumbuka ile bada kuliko mtihani wowote. Tulikaa nyuma ya ghala, kwenye robota lililopasuka, mimi na yeye, tukimega. Alinisimulia habari ya mchumba wa Zaituni, kijana wa Kwashemshi, muuza viazi, mpole mpaka anatia wasiwasi. "Anasalimia mpaka mbuzi," alisema. "Sasa mtu wa hivyo akigombana na mwanangu, itakuwaje? Atamwomba radhi yeye na mbuzi." Nilicheka mpaka mchunga ukapita njia mbaya. Tukanawa, yeye akarudi kwenye brashi, mimi nikaitwa kwa Mheshimiwa aliyekuwa ameshiba kweli. Ovaroli yangu ilikuwa nzito kidogo upande wa kulia. Mtu aliyeshiba bada anajisikia mzito pande zote.

Baada ya muda nikasikia sauti yake toka kwenye brashi, juu ya kelele za mashine, ile sauti yake ya kusoma. "Bi-bi ha-yu-po. Bibi hayupo!" Akacheka kile kicheko chake cha kupiga paja. "Mwanaidi! Bibi leo kaenda wapi?"

Nami nikajibu. Sikufikiri hata kidogo. Utani ukiitwa, mimi naitika, kama kifaa kwenye waya. Nikapaza sauti: "Kaenda kwa mumewe!"

Ukumbi mzima ukacheka. Naye akaendelea kuingiza singa.

Vumbi la mkonge likishika moto haliungui kama kuni. Linapumua mara moja. Nilisikia kama mtu ametikisa shuka kubwa, halafu makelele, na nilipofika mlangoni beringi lilikuwa jekundu na singa zilizoning'inia juu ya mashine zilikuwa zinawaka kutoka chini kwenda juu. Waliokuwa karibu walikimbia, na wana haki. Mama Zaituni hakukimbia. Alikuwa anazivuta singa ambazo hazijashika, anazirusha nyuma yake, mafungu kwa mafungu, zisipeleke moto ghalani. Mchanga ukaja, maji yakaja, moto ukazimwa, lakini kipande cha paa kilikuwa kimekwenda. Nilipotia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kumfunga mkono ulioungua, nilimshika Bibi. Alikuwa na joto. Kifaa kilichotakiwa kupima joto la beringi kilikuwa mchana kutwa kinapima joto la paja langu, na paja langu lilikuwa zima.

Nilimkabidhi Fundi Mhina aliporudi, na kanzu yake bado. Nikamwambia yote, hata bada. Alikitazama kile kipima joto kiganjani, akakifuta kwa ncha ya kanzu taratibu, kama ndiyo kazi iliyobaki duniani. "Nenda hospitali kakae naye," akasema. Basi.

Kikao kilikuwa Jumatatu. Mama Zaituni alikuja na mkono umefungwa mpaka kiwiko, akakataa kiti. Meneja hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayehesabu.

"Mama, skrini ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya."

"Iliandika kwamba kipima joto hakipo?"

"Iliandika."

"Uliyasoma hayo maandishi?"

"Niliyasoma."

"Ukafanya nini?"

Akautazama mkono uliofungwa. Kisha akasema, na hakunitazama, naapa hakunitazama, "Nilicheka."

Nikanyosha mkono. "Ni mimi, mheshimiwa," nikasema. "Mimi nilimtoa Bibi, nikambadilisha, nikamweka mfukoni, nikaenda kula."

Kikao kizima kikaangua kicheko. Si kicheko kibaya. Kile cha watu waliokuwa wamebanwa wakapata mahali pa kutokea. Mtu mmoja akasema, "Alizidiwa!" na wakacheka tena. Nikapaza sauti, nikasema ni kweli, ni kweli tupu, na kila nilivyozidi kusema kweli ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Mzee mlokole akajifuta macho. Hata Mama Zaituni alitabasamu, akatikisa kichwa, akanifanyia ishara kwa mkono ule mzima: kaa chini mwanangu, basi, nashukuru. Nikamtazama Fundi Mhina. Alikuwa anatazama viatu vyake. Meneja akasema anaelewa kwamba nampenda mama yangu wa huku, lakini kazi ni kazi, na mtu anayeona onyo akacheka hawezi kuachiwa mashine ya moto. Wakamhamishia kufagia uwanja wa kuanikia. Mwisho wa msimu akaacha mwenyewe.

Fundi nilimfuata jioni ile kwenye kabati. Alikuwa ameshafuta majina yote. Hakuna Mheshimiwa, hakuna Umbea. Kifaa namba saba, lazima. "Ningesema," aliniambia bila kugeuka, "chuo kingekufukuza, na mimi niliyekuachia ningekufuata mlangoni. Nina watoto, Mwanaidi. Yeye ni mtu mzima, atasamehewa." Tangu hapo nikikutana na neno atasamehewa namwona yeye na mgongo wake. Lakini pia najua kwamba usiku ule kitandani kwa Zaituni nililala, na nilipata nafuu. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nimesema, hawakuniamini, basi, mimi nimefanya langu. Mama alikuwa upande wa pili wa chumba na mkono juu ya mto, na jirani kwa juu ya ukuta akamwambia pole.

Sasa turudi kwenye vitunguu. Nilivimaliza, nikavipeleka kwenye sufuria, na tukawa wawili pale, moshi unakwenda upande wa wenzake. Nikaona ule mkono wa kulia kwa karibu. Ngozi imevutika, vidole viwili havifungi. Nikasema, "Mama, siku ile sikukutetea."

"Ulinitetea, we. Acha unyenyekevu wa uongo."

"Kilikuwa mfukoni mwangu. Tulipokuwa tunakula bada, kilikuwa hapa." Nikajishika paja. "Ile "Bibi hayupo" haikuwa utani. Mashine yenyewe ndiyo iliyoandika. Uliponiuliza kaenda wapi, nilikuwa naye, nikasahau, nikatania."

Alianza kucheka, kisha akanitazama usoni, na nadhani ni mara ya kwanza alinitazama nikiwa sijaandaa kitu. Mwiko ukasimama katikati ya pilau. Nilingoja kibao, nilikitaka. Lakini hakuuliza habari ya moto, wala ya mkono, wala ya kazi.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "niliposoma, nilisoma sawasawa?"

"Ulisoma sawasawa, mama."

"Maana mimi nilijiambia, mtu aliyesoma uzeeni ndivyo alivyo. Anaona herufi, haoni neno. Meneja alivyouliza kama nilisoma, nikajiambia, kweli, hukusoma, ulitamka tu. Nikaona hata ningekuta limeandikwa kufa, ningecheka." Akatazama dumu la mafuta kando ya jiko. "Mwaka mzima Zaituni ananisomea."

"Niliyeyazoesha yale maandishi kuchekesha ni mimi."

"Ni wewe," akasema. Hakulainisha. Aliligeuza pilau mara moja, mara mbili, kwa kushoto, likagoma, akaniachia mwiko mimi. Kisha akafuta mikono kwenye khanga na kuelekeza kidevu upande wa wenzake, waliokaa kwenye mkeka wakichambua mchele, wale walionipigia vigelegele. "Nenda kawaambie. Kama ulivyoniambia mimi. Kule kota wote wanajua mimi ndiye mama aliyechoma kiwanda kwa kucheka."

"Hawataniamini, mama."

"Sema mpaka wakuamini. Na usicheke."

Nikapita katikati ya masufuria, nikasimama mbele ya mkeka. Yule bibi wa mume kiziwi akanyanyua uso, akaniona, akamgusa mwenzake kiwiko, na ungo ukatulia kwenye mapaja yake, akisubiri. Nyuma yangu Mama Zaituni alikuwa amelisogelea lile dumu. Nilimsikia anaanza, kwa sauti ndogo, herufi kwa herufi. Nikanyosha mkono juu, sijui kwa nini, kama tulivyofanya kule, na sikuushusha.

"Ni mimi," nikasema.

Walikuwa wameshaanza kucheka.